Ayubu Aliyenyamazishwa: Imani na Dhiki katika Fasihi ya Kiswahili

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, imani ya Kikristo imezoea kupewa moja kati ya nafasi mbili. Ama huchukuliwa kuwa kileo kinachomfanya mnyonge aridhike na unyonge wake, ama huchukuliwa kuwa ngao inayomwezesha mtu kuvuka misiba bila ya kuuliza swali. Rai ya kwanza aghalabu ni ya wahakiki wanaoitazama fasihi kwa jicho la matabaka. Ya pili ni ya wahubiri na waandishi wa vitabu vya mawaidha. Makundi haya hupingana vikali, lakini yanakubaliana juu ya jambo moja la msingi, kwamba mtu wa imani apatwapo na dhiki hunyamaza. Kundi la kwanza linamlaumu kwa kimya hicho, la pili linamsifu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msingi huo wenyewe una kasoro, na kwamba kasoro hiyo imepotosha namna baadhi ya maandishi mashuhuri ya Kiswahili yanavyosomwa. Kipimo kitakachotumiwa ni kisa cha Ayubu, kwa sababu mbili. Kwanza, ndicho kisa ambacho Mkristo mwenye shida huelekezwa kwacho mapema zaidi. Pili, ni kisa kilichokuwamo katika fasihi ya Kiswahili kabla ya Biblia kufasiriwa, na kwa hiyo kinampa mhakiki nafasi ya kulinganisha. Baada ya hapo zitatazamwa kazi tatu: Rosa Mistika na Kichwamaji za Euphrase Kezilahabi, na Nitaolewa Nikipenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii.

I. Neno lililotangulia kitabu

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka uo huo mkewe, Rosine, alifariki, na mtoto wao mchanga akamfuata. Ni katika mwaka huo wa msiba ndipo Krapf alipoanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Yafaa kuikumbuka sadfa hii, kwa kuwa inaonyesha kwamba Maandiko ya Kikristo yaliingia katika lugha hii kwa mkono wa mtu aliyekuwa matangani. Lakini lugha aliyoikuta haikuwa tupu. Ilikuwa imekwisha kulelewa na Uislamu kwa karne nyingi, nayo ilikuwa na msamiati kamili wa mambo ya dini: imani, dhambi, toba, rehema, na subira. Biblia nzima ilipotolewa kwa Kiunguja mwaka 1891, kisha kwa Kimvita mwaka 1914, na hatimaye katika tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, maneno hayo yalichukuliwa yakiwa na uzito wake wote wa zamani. Hata jaribio la Karl Roehl, ambaye katika Biblia yake ya mwaka 1937 alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, halikuweza kuwaondolea waumini mazoea hayo.

Katika maneno hayo yote, subira ndilo linalohusu makala haya. Limezungukwa na methali zinazojulikana na kila mzungumzaji wa lugha hii: subira huvuta heri, mvumilivu hula mbivu, baada ya dhiki faraja. Ukizitazama kwa makini, methali hizi zina muundo mmoja. Zina mwanzo wa taabu na mwisho wa neema, na baina ya ncha hizo mbili hamna maneno. Anayesubiri hasemi. Isitoshe, maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa ajili ya mtu anayesema akiwa taabuni yana harufu ya lawama. Kulalamika ni udhaifu. Kunung'unika ni dhambi, kama walivyofanya Waisraeli jangwani. Kuomboleza kunaruhusiwa, lakini pawepo maiti. Kwa hiyo muumini anayetaka kumwuliza Mungu sababu ya mateso yake hukuta lugha imekwisha kumhukumu kabla hajafungua kinywa.

II. Ayubu wawili

Utendi wa Ayubu, uliochapishwa na Alice Werner kati ya miaka 1921 na 1923, unatokana na mapokeo ya Kiislamu. Ayubu wa utendi huo ni kielelezo cha subira. Mali inapotea, watoto wanakufa, mwili unaoza, naye anabaki imara. Na mkewe, Rahema, anabaki naye kwa uaminifu unaomfanya kuwa mmoja wa wanawake wanaoheshimika sana katika tendi zetu. Mvutano wa utendi huo ni baina ya Ayubu na Ibilisi. Baina ya Ayubu na Mola wake hakuna mvutano.

Haifai kudhani kwamba subira ya mapokeo haya ni ububu. Katika Qurani Ayubu humlilia Mola wake kwa ajili ya madhara yaliyompata, na Nabii Yakubu, aliyepotelewa na Yusufu, huipeleka huzuni yake kwa Mungu. Wanazuoni wa Kiislamu wametofautisha siku zote kumlalamikia Mungu na kumlalamikia binadamu habari za Mungu. La kwanza halivunji subira. Basi kosa litakaloelezwa hapa si la Uislamu wala la utendi. Ni kosa la wasomaji Wakristo walioichukua picha ya Ayubu mtulivu, wakaibandika juu ya kitabu ambacho kina Ayubu wa namna nyingine.

Ayubu wa Biblia ana sura 42. Sura mbili za mwanzo ni hadithi ya nathari, na hadithi hiyo hurudi mwishoni mwa sura ya mwisho. Katika sehemu hizo mbili Ayubu ni mtulivu: anapoteza, anasujudu, anarudishiwa maradufu, anaishi miaka mingine 140. Lakini katikati, kuanzia sura ya tatu, kuna ushairi mrefu ambao unachukua karibu kitabu chote. Humo Ayubu anailaani siku ya kuzaliwa kwake. Anamdai Mungu asikilize kesi yake. Anatumia msamiati wa mahakama: hoja, shahidi, hukumu. Anaapa kwamba hana hatia. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikaa naye chini kimya siku saba mchana na usiku, na kwa hilo walikuwa rafiki kweli. Uharibifu ulianza walipofungua vinywa kumtetea Mungu. Kwao hesabu ilikuwa nyepesi: mwenye kuteseka ametenda kosa, na mwenye kutubu atarudishiwa. Kila walichokisema chaweza kusikika katika mimbari yoyote, na maneno yao mengine ni mazuri.

Ni hapo mwisho ambapo kitabu hiki kinamshangaza msomaji. Mungu anamwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na wenzake, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa habari zake, kama alivyonena Ayubu. Hukumu hii ni nzito. Waliotetea wanakosolewa, na aliyeshtaki anaithinishwa. Ni kweli kwamba kabla ya hapo Mungu amekwisha mjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, na kumwonyesha udogo wake mbele ya bahari, nyota na wanyama wa mwituni. Na ni kweli kwamba Ayubu amenyamaza. Lakini amenyamaza baada ya kujibiwa, wala hakunyamaza ili asiulize. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kitabu kizima.

Wala Ayubu si mpweke katika Maandiko. Sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko. Zaburi ya 88 inaanza taabuni na inaishia gizani, bila hata ubeti mmoja wa faraja. Yesu mwenyewe, kwa mujibu wa Mathayo na Marko, alipokuwa msalabani alilia kwa maneno ya mwanzo wa Zaburi ya 22, nayo ni maneno ya swali.

III. Jinsi katikati ilivyopotea

Ikiwa mambo ni hivyo, yafaa kuuliza kwa nini Ayubu anayejulikana na waumini wengi ni yule wa sura mbili za mwanzo. Jibu moja ni hilo la lugha lililokwisha kutajwa. Jibu la pili ni la utanzu.

Mkristo wa Afrika Mashariki ameielewa dhiki yake hasa kwa njia ya wimbo na ushuhuda. Kitabu cha Tenzi za Rohoni, kinachotumiwa na madhehebu mengi, kimejaa tafsiri za nyimbo za Uingereza na Marekani za karne ya 19. Mwendo wa nyingi kati ya nyimbo hizo ni ule ule: ubeti wa kwanza una tufani, ubeti wa mwisho una bandari. Ushuhuda nao ulipata nguvu kutokana na ule Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika Uganda, Kenya na Tanganyika. Umbo lake ni la nyakati mbili: zamani nilikuwa hivi, sasa niko hivi. Ni umbo lenye nguvu kubwa ya kisanaa, na limewapa wengi, hasa wanawake na watu wasiosoma, jukwaa la kusimulia maisha yao mbele ya watu. Hata hivyo lina mpaka wake. Ushuhuda husimuliwa na mtu aliyekwisha kuvuka. Ayubu husema angali majivuni, akijikuna kwa kigae, hali hajui kama ng'ambo ipo. Kanisa lenye ushuhuda peke yake halina mahali pa kumweka mtu ambaye mto bado umemfika shingoni.

Waandishi wa riwaya waliolelewa katika makanisa hayo waliurithi upungufu huo, na hapo ndipo kazi zao zinapopaswa kusomwa upya.

IV. Rosa bila Ayubu

Rosa Mistika ilitolewa mwaka 1971. Mtunzi wake, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alisoma katika seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, na jina la riwaya yake ya kwanza ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika Litania ya Kikatoliki. Kwa muda riwaya hiyo haikuruhusiwa kusomwa shuleni nchini Tanzania, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba inawapotosha vijana. Rosa, binti wa Zakaria mlevi na Regina mvumilivu, analelewa kwa ukali mkubwa. Babake anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Akiisha kuondoka nyumbani kwenda masomoni anaangukia katika uhuru ambao hakuandaliwa kuubeba; anatumiwa na wanaume, anatoa mimba, anajaribu kujirudi. Mchumba wake Charles anapogundua kwamba si bikira na kumwacha, anajiua.

Wahakiki wengi wameona humu mashtaka dhidi ya malezi mabaya, na wengine mashtaka dhidi ya dini. Rai zote mbili zina ukweli, lakini hazijafika mwisho wa jambo. Lililo muhimu ni hili: katika maisha yote ya Rosa hakuna mtu anayemfundisha kusema mbele za Mungu. Mamake, ambaye jina lake maana yake ni malkia, anamfundisha kwa mfano wake kwamba mwanamke mwema huchukua kipigo kwa kimya. Babake anamfundisha kwamba sheria ni fimbo. Jamii inayomzunguka ina hesabu ile ile ya Elifazi, kwamba aliyeharibikiwa amejiharibu. Hata Charles, anayedai usafi kwa mwenziwe kama mfanyabiashara anayekagua bidhaa, ni mwanafunzi mwaminifu wa Elifazi. Rosa amezungukwa na rafiki za Ayubu, naye mwenyewe hakupewa sura ya tatu. Dhiki isiyopata maneno inageuka kuwa kitendo, na kitendo chenyewe ni kifo.

Wale walioipiga marufuku riwaya hii waliogopa matendo ya Rosa. Walipaswa kuogopa zaidi kimya cha Regina, maana ndicho kilichotangulia. Wala si kweli kwamba mwandishi ameidharau imani. Mtu asiyejali hawezi kumpa msichana mwenye hatima kama hiyo jina la Bikira Maria. Jina hilo ni swali linaloelekezwa juu: ua hili lilipandwa na nani, na nani aliyelikanyaga? Swali hilo halikomei kaburini mwa Rosa, na kwa hiyo riwaya yote ni daawa. Ni Kezilahabi anayefungua kinywa badala ya Rosa.

V. Mashtaka yasiyo na mahakama

Katika Kichwamaji, iliyotolewa mwaka 1974, mambo yamegeuka. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayesimulia mwenyewe, hana upungufu wa maneno. Anamhoji Mungu, anaihoji jamii, anajihoji nafsi. Dadake Rukia anapata mimba na kufa, mama anafuata, mtoto wake mwenyewe anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi. Haya ni mapigo ya Ayubu, moja baada ya jingine. Hata hivyo Kazimoto anaishia kujiua kama Rosa. Basi mtu aweza kupinga hoja ya makala haya kwa kusema: huyu amesema, na kusema hakukumwokoa.

Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake linaonyesha jambo ambalo Rosa peke yake hangeweza kulionyesha. Ayubu hasemi tu. Husema na mtu. Katika sura zile za katikati anaachana mara kwa mara na rafiki zake, anamgeukia Mungu, anamwambia wewe. Kazimoto hasemi na Mungu. Anasema habari za Mungu, kama wasemavyo wasomi mezani. Hajui kama kuna anayesikia, na hatua kwa hatua anaacha kutaka kujua. Mashtaka yake yana ufasaha lakini hayana mahakama, na mashtaka ya namna hiyo humrudia mshtaki. Kutoka Rosa hadi Kazimoto, Kezilahabi amechora maafa mawili ya kizazi kimoja: imani isiyokuwa na swali, na swali lisilokuwa na wa kuulizwa. Kati ya hayo mawili kuna nafasi ambayo hakuna mhusika wake aliyeikalia.

Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1982 ya tamthilia ya Kigĩkũyũ iliyoigizwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, inaitazama imani kutoka upande mwingine. Kiguunda na mkewe Wangeci wanashawishiwa na tajiri Kioi wafunge ndoa ya kanisani. Wanaweka rehani shamba lao la ekari moja na nusu ili wapate fedha za arusi, na shamba linapotea. Hapa kimya cha mnyonge si ajali ya malezi, kina wanaokinufaikia. Ni mchango mkubwa, na mhakiki yeyote wa imani katika fasihi hana budi kuupokea: kabla ya kuusifu uvumilivu wa mtu, yafaa kuuliza ni nani anayevuna. Lakini tamthilia hiyo nayo inaikubali picha ya rafiki za Ayubu kuwa ndiyo imani yenyewe. Kioi na wenzake ndio wanaobeba Biblia jukwaani. Haikusomwa mikononi mwa mnyonge kama hati ya mashtaka, ingawa vitabu vya Amosi, Yeremia na Ayubu vimeandikwa kwa namna hiyo hiyo.

VI. Thamani ya subira

Haya yasemwapo, kuna hatari ya kuidunisha subira yenyewe. Hilo lingekuwa kosa. Katika Waraka kwa Warumi, dhiki huleta saburi, na saburi huishia katika tumaini. Mwendo huo ni wa mtu anayetembea, si wa mtu aliyeketi. Historia ya Kenya ina mfano. Wakati wa Hali ya Hatari, kati ya miaka 1952 na 1960, wako watu wa Uamsho waliokataa kula kiapo cha Mau Mau na papo hapo wakakataa kuchukua silaha za serikali ya kikoloni, na baadhi yao waliuawa. Mtu anaweza kupingana na uamuzi wao kisiasa, lakini hawezi kuuita ububu. Walisema hapana mara mbili, kwa pande mbili zenye silaha. Subira yao ilikuwa na kauli.

Tofauti inayotafutwa, basi, haiko kati ya subira na mashtaka. Iko kati ya subira iliyopita katika mashtaka na ile iliyowekwa mdomoni mwa mtu ili asishtaki. Ya kwanza ni tunda la imani. Ya pili ni kazi ya wengine, na mara nyingi anayeibeba ni mwanamke, mtoto, au maskini.

Suala hili lina uzito nje ya kurasa za riwaya. Katika madarasa ya fasihi wamo wanafunzi waliotoka katika nyumba kama ya Zakaria. Mwalimu anayewaambia kwamba imani ni usingizi anawanyang'anya lugha ya pekee ambayo pengine mama zao waliwaachia. Anayewaambia kwamba imani ni kunyamaza anawarudisha kwa Elifazi. Ushairi wa Ayubu, ulioko kwa Kiswahili tangu karne ya 19, haujapewa nafasi yake katika mafunzo ya fasihi, ingawa ni miongoni mwa mashairi makuu ya huzuni yaliyo katika lugha hii. Usomwe kando ya Utendi wa Ayubu, na kando ya Rosa Mistika, ili mwanafunzi aone kwamba maswali yake yana ukoo.

Waandishi nao wana kazi iliyobaki. Fasihi ya Kiswahili imetupa Regina anayenyamaza, Rosa anayekufa, Kazimoto anayebishana na hewa, na Kioi anayefanya biashara ya wokovu. Haijatupa bado mhusika anayeketi majivuni, akamwambia Mungu wewe, akakataa kuondoka mpaka ajibiwe. Siku atakapoandikwa, methali ya mvumilivu haitakuwa imekanushwa. Itakuwa imepata katikati yake.